Karata ya Kemunto

Sina sababu ya kukudanganya. Ukidhani nazua, njoo Nyaramba siku ya Jumapili umuulize kaka yangu Nyakundi, ingawa siku hizi hapendi kuongea.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Tulikuwa tumefikisha majani yetu kwenye kituo cha chai, tunangoja lori. Mvua ikashuka, wenzetu wakakimbilia madukani, sisi wawili tukabaki kibandani na magunia. Ndipo akaingia mama mmoja mwenye koti la kijivu. Alitoka mvuani, lakini niamini, hakuwa na tone hata moja mwilini.

"Lori litachelewa, wanangu," alisema. "Tucheze."

Akatoa karata. Si hizi za kopa na jembe ulizozoea. Zilikuwa nene, zimechorwa kwa mkono, kila moja ina sura ya mtu. Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi: unaomba karata unayoitaka ili ukamilishe familia, na aliye nayo lazima aitoe.

Akatugawia, nami nikatazama zangu. Mama yetu alikuwa pale, ameketi anamenya ndizi, na kile kidole kilichokatwa na panga hakipo. Nani alimchora? Nyakundi naye akacheka. "Ona huyu! Si ni Kemunto kabisa?" Kemunto ni mkewe. Kitambaa cha kijani, kovu juu ya jicho, yeye mwenyewe.

Yule mama akanigeukia. "Nipe mzee anayemenya ndizi."

"Sina," nikasema.

Alinitazama machoni. Kisha akamgeukia kaka. "Nipe mwenye kitambaa cha kijani."

Nilimkanyaga Nyakundi mguu. Nikamkanyaga tena.

"Kwani una nini?" akaniuliza. "Ni mchezo tu." Akaitoa.

Mama yule hakuichanganya na zingine. Aliitia kifuani, ndani ya koti, akakusanya zilizobaki. Ile ya mama yetu nilikuwa nimeisukuma ndani ya gambuti, buti langu la mvua.

"Moja imebaki kwako," alisema bila hasira. "Itunze." Akatoka kwenye mvua, na matope hayakushika nyayo zake.

Tulipofika nyumbani kwa kaka, Kemunto alikuwa mlangoni. "Karibu, wifi," akaniambia. Akamwangalia Nyakundi kuanzia kichwani hadi miguuni. "Huyu mgeni umemtoa wapi?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Nyakundi alipotaka kuingia, aliwavuta watoto nyuma yake akapiga mayowe mpaka majirani wakaja.

Tumeombewa kanisani. Hospitalini walimpima Kemunto, wakasema ni mzima. Anatujua sote, anakumbuka hata harusi yake, nyimbo zote, chakula chote. Bwana harusi tu ndiye hamkumbuki. Kaka akahamia Kiogoro. Kila Jumapili huja, anabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe, anapewa chai. Jumapili iliyopita Kemunto alimuuliza, kwa upole tu, "Kwani wewe hujaoa?" Nyakundi alikunywa chai ile mpaka ikaisha.

Karata ya mama bado ninayo. Kuichoma naogopa, kukaa nayo naogopa. Wewe unayenisikia, mtu akikugawia karata zenye sura za watu, inuka uende, hata kama mvua inanyesha. Usijiambie utatazama vizuri kabla ya kutoa. Kaka yangu alitazama, akamtambua mkewe, na bado akamtoa.