Mzungu aliyefanya kazi bure Nyamuswa nusura aninyang'anye mchumba

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, ingawa sidhani kama mmebaki. Haya yamenipata mimi mwenyewe, enzi za Mwingereza. Nikidanganya, mvua irukie shamba la jirani.

Kijijini kwetu Nyamuswa alikuja kijana wa Kizungu kutufundisha useremala, tujenge shule wenyewe tusingoje fundi wa Musoma. Tulimwita Bwana Randa, maana randa yake ya kulainishia mbao hakuiachaga hata akienda kula.

Mshahara? Hana. Eti anajitolea.

Sasa kwetu, kijana anayetumika bure kwenye mji wa mtu, yaani bomani kwake, ana shida moja tu: hana ng'ombe za mahari, anataka kulipia mke kwa mikono. Na huyu alifikia kwa Mzee Wambura, baba yake Nyangeta, mchumba wangu! Nusu ya ng'ombe zangu zilishaingia zizi lile.

(Zizi lenyewe bovu, fisi walikuwaga wanaingia kama kwao. Tuyaache.)

Bwana Randa akatengeneza geti la zizi. Halafu kitanda cha mzee. Kila msumari ulinichoma mimi.

"Huyu hana ng'ombe ila ana mikono," Wambura akaniambia. "Ya kwako iko wapi, mwanangu?"

Nikajiandikisha mafunzo. Wenzangu walikimbia mapema, mimi sikukosa siku. Mzungu akanisifu mbele za watu kwamba mimi ndiye mwanafunzi hodari.

Wakuu, mbao sikuziangalia. Nilikuwa namlinda yeye, asimzoee Nyangeta, ambaye ndiye alimshikiaga msumeno upande wa pili.

Muda wake ukaisha. Wazee wakamketisha.

"Umetumika vya kutosha, kijana," Wambura akasema. "Taja unachotaka."

Bwana Randa akacheka. "Sitaki kitu, mzee. Mkiweza bila mimi, nimeshalipwa."

Mzee akavimba: binti yake kakataliwa hadharani! Hasira zikanigeukia mimi.

"Haya, mwanafunzi hodari. Nitengenezee mlango. Ukigoma kufungika, ng'ombe zako rudi nazo kwenu."

Mzungu akatuachia vifaa, akapanda lori, kwaheri. Nikabaki na mbao.

Mlango wangu ulisimama kama mlevi aliyeegemea ukuta. Na mzee yuko njiani anarudi kutoka mnadani!

Nyangeta akauzunguka. Akashika randa, akaparua juu, akahamisha bawaba. Ukafunga vizuri kabisa.

"Umejifunza lini wewe?"

"Ulipokuwa unalinda."

Wambura akaufungua na kuufunga mara nne, akanipa mkono. "Mkwe wangu fundi!" Nyangeta alikuwa ameinamia mboga, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

Funzo: mtu akija kukufundisha, angalia mikono yake, wivu utaupata hata nyumbani.

Nimeitwa Fundi maisha yangu yote. Wakija kuniita, najibu "nakuja", halafu namwamsha mama watoto.

Na nyie semeni ukweli: cheo chako nani anakifanyia kazi?