Kopo la Mzee Nusu Milimita

Mimi ni mwepesi wa hasira, sifichi. Siku nilipoingia kliniki ya meno kwa mara ya nne nilikuwa nimejiandaa kumpasha mtu. Meno yangu manne ya mbele ni ya bandia, yameshikwa na kifremu cha chuma kinacholala juu ya ufizi, na kwa miezi mitano ufizi ule ulikuwa unawaka moto. Daktari aliniambia nipige mswaki vizuri. Mswaki! Mimi ninayewafundisha watoto wa darasa la kwanza kupiga mswaki!

Nikiyavaa, machozi yananitoka. Nikiyavua, sauti inatoka kama tairi lenye pancha, na watoto wangu, kwa utii wao, wakawa wanasoma vilevile, darasa zima. Mwalimu mkuu akaniita, akaniambia kwa upole kwamba muhula ujao nitahamia stoo ya vitabu. Miaka ishirini na sita ya kufundisha, leo nikapange madaftari? Nililia chooni kama mtoto.

Mara tatu meno yangu yalikuwa yamepelekwa chumba cha nyuma "yakasuguliwe kidogo". Siku hiyo sikungoja. Nikafuata korido, nikasukuma mlango.

Ndani nikamkuta mzee mwembamba, koti limejaa unga wa plasta, miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya paji la uso. Pale kliniki wanamwita Nusu Milimita, maana kosa likifika hapo anaanza kazi upya. Miaka thelathini na tano anatengeneza meno ya watu bila kuwaona wenyewe. Yeye huletewa umbo la mdomo tu.

"Mimi ndiye yule mwalimu wa meno manne ya mbele. Wewe ndiye unayenisugulia?" nikamvaa.

"Ndimi. Ila hata salamu, mwalimu?"

Nikaona haya. "Shikamoo."

"Marahaba. Kaa, fungua mdomo."

Akamulika, kisha akashika kifremu changu, akakilinganisha na ufizi. Wekundu ulifuata chuma mstari kwa mstari. Palipoguswa na plastiki inayoshika meno palikuwa pazima kabisa.

"Hereni unavaa?"

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya meno!"

"Nijibu kwanza."

"Niliacha zamani. Zilikuwa zinaniwasha mpaka masikio yanatoa maji." Nikamwonyesha na saa yangu, ambayo nimeibandika utepe kwa nyuma nisitoke vipele.

Akavua miwani zote mbili. "Chuma hiki kina nikeli, ileile ya hereni za bei rahisi. Wengi haiwasumbui, wewe mwili wako hauitaki. Na kila nilipokisugua nilikiondolea ung'avu, nikeli ikazidi kutoka. Mwalimu, aliyekuumiza ni mimi. Nilidhani tunagombana na nusu milimita."

Ni nani siku hizi anakubali kosa kabla hujamaliza kumgombeza? Akanipeleka kwa daktari, akarudia yaleyale mbele yake bila kujitetea, na daktari naye, namshukuru, hakubisha. Nikatumwa kwa daktari wa ngozi, aliyenibandika metali mbalimbali mgongoni kwa siku mbili. Chini ya nikeli peke yake ndipo ngozi ilipovimba. Mzee akanitengenezea kifremu kipya kwa metali zilizopita salama.

Baada ya wiki tatu nilitafuna nyama nikajikuta nacheka peke yangu jikoni. Mwalimu mkuu akapita dirishani, akasikia darasa linavyosoma, na habari ya stoo ikaishia hapo. Mungu ampe mzee yule afya!

Muhula ulipofungwa nikampelekea shati. Nilimkuta anataka kuyeyusha chuma. Kabla ya kuwasha moto akachukua kopo la maziwa, akalitikisa, kitu kikagonga ndani. Mimi na umbea wangu, nikalifungua. Kilikuwa kifremu changu cha zamani.

"Kumbe umenihifadhi kwenye kopo!" nikafoka.

"Nikilitikisa ndipo nakumbuka kutuma mtu akamuulize mgonjwa habari ya hereni. Uzee huu, mwalimu, usiuamini."

"Wangapi wamesema zinawawasha?"

"Wawili. Wa tatu yuko nje."

Nikampa shati lake, nikamuaga. Nilipotoka nikamkuta huyo wa tatu kwenye benchi, mwanamke wa rika langu, masikio matupu kama yangu, anajipepea kwa gazeti, analalamika kwamba wanamchelewesha kwa maswali yasiyo na maana.