Rimu za Kumi na Nane

Gari lile lilikuwa zuri kupita barabara za Goma. Lilikuwa jeusi, la milango minne, lenye injini ya mbio, na mwenye gari wa kwanza alikuwa amelishusha: springi zimekatwa, tumbo limekaribia ardhi kiasi kwamba kila jiwe la volkano lilikuwa jambo la kufikiria. Jumaine alilipata baada ya miaka mingi ya kuendesha malori ya watu kwenda Butembo na kurudi. Waasi walipoifunga njia ile kwa mara nyingine, alichoka kuzika madereva wenzake, akasema sasa atabeba maharusi.

Lakini maharusi hawakulitaka gari lile kwa magurudumu liliyokuja nayo, rimu za chuma za inchi kumi na tano zilizochakaa, zenye tairi nene. Kwa hiyo asubuhi moja alilipeleka Birere kwa Ntirenganya, fundi wa tairi ambaye banda lake la mabati lilisimama juu ya lava ya mwaka 2002. Mama yake, Mwasiti, alikuwa amekaa kiti cha mbele. Hakupenda kuachwa nyumbani.

Ntirenganya alileta rimu za ukubwa mbalimbali akazilaza chini mbele yao.

"Jante ikikua, mpira unapungua," alisema, akigonga rimu kwa kidole. "Kimo cha gurudumu lote kinabaki kilekile. Hii ya kumi na tano, mpira wake ni kiganja kizima. Ya kumi na sita unapungua kidogo. Ya kumi na nane iko na vidole vine tu. Ukigonga jiwe, hakuna kitu cha kulipokea, ni jante yenyewe."

"Na upana?" Jumaine aliuliza.

"Hapo ndipo iko shida. Hii ya kumi na nane ni pana, tena inatokeza inje, na gari ilishashuka. Ukiwa peke yako, sawa. Bwana na bibi arusi wakikaa nyuma, sawa. Ukijaza watu, bodi itashuka juu ya pneu, itaukata huu mpira."

"Kwa hiyo weye ungeweka ya kumi na sita."

"Mimi ningeweka ya kumi na sita. Lakini mimi sibebi maharusi."

Jumaine alichuchumaa, akapima kwa vidole nafasi kati ya tairi na ukingo wa bodi. Alijua fundi anasema kweli. Alikuwa ameendesha kwenye mawe maisha yake yote.

Mama yake akatoa kichwa dirishani. "Jumaine, hizo ndogo zinafanya gari ifanane na muzee amevaa viatu vya mutoto. Weka zile zenye kungaa."

Walicheka wote watatu. Ilikuwa moja ya siku njema za mama. Kulikuwa na siku nyingine alizomwita mwanawe Mohamed, jina la marehemu mumewe, na kumwuliza kama duka limefungwa, duka lililoungua mwaka wa lava ile iliyokuwa chini ya miguu yao. Mwaka ule alimvuta Jumaine, mtoto bado, kwa mkono hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, bila kumwachia hata mtoto alipolia kwamba anaumia.

Basi zikawekwa za kumi na nane. Ntirenganya alikunja ukingo wa bodi kwa nyundo ili tairi lipate pa kupumulia. Tairi la akiba halikuhitajika tena mjini, na mahali pake kwenye buti pakawekwa spika za muziki wa harusi.

Na kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Jumamosi gari lilipita Majengo, mtaa wao, polepole, limefungwa utepe, rimu ziking'aa, na Mwasiti alitoka mlangoni kulitazama. Shakila, mke wa Jumaine, alikuwa mshonaji. Alishona magauni ya wasimamizi na mumewe akawabeba maharusi. Shakila alimwambia dada yake kwamba hajawahi kumwona mumewe akilala usingizi mzuri namna ile.

Mlima wa volkano ulio juu ya mji ulipopasuka tena Mei ya 2021, lava ilisimama kabla ya kuufikia mji. Watu walimshukuru Mungu mapema mno. Ardhi iliendelea kutikisika, barabara zikachanika, na ikasemwa kwamba moto unatembea chini ya mji kuelekea ziwani. Wiki ileile, asubuhi, amri ikatoka ya kuhama. Mtaa wote wa Majengo ulimwagika barabarani kuelekea Sake.

Jumaine alimweka mama yake mbele. Nyuma alikaa Shakila, na kando yake majirani waliogonga dirisha na watoto wao mikononi. Nani angewaambia washuke? Gari lilipoondoka alisikia sauti aliyoijua: bodi ikisaga tairi la nyuma kila lilipoingia shimoni. Harufu ya mpira ilianza kupanda ndani. Akapunguza mwendo. Msongamano ulikuwa mkubwa, lakini nyuma yake watu walipiga honi kama wenye kichaa, wakamsukuma kwenda ukingoni, penye mawe.

Walifika Mugunga. Hapo gurudumu la nyuma likagonga jiwe, tairi lililokwisha kukatwa likapasuka, na rimu ikakaa juu ya mwamba ikiwa na ufa. Jumaine alifungua buti kwa mazoea, akakuta spika.

Majirani walichukua watoto wao, wakaendelea kwa miguu. Mwasiti hakuweza. Vumbi la mlima lilikuwa limemkaba kifua, na kila ardhi ilipotikisika alishika mlango wa gari akiita Mohamed. Jumaine alijaribu kumbeba mgongoni. Hawakufika mbali.

Ndipo lori la makaa liliposimama kando yao kwa sababu lililo mbele lilisimama. Juu yake watu walikuwa wamebanana. Mwanamke mmoja aliinama. "Leteni huyo mama muzee," alisema. "Nafasi ni ya mutu mumoja tu. Tunateremka Sake."

"Unaitwa nani, mama?"

"Mukabalisa. Natoka Rutshuru."

Shakila alimshika mumewe mkono. "Mama asiende peke yake. Hajui siku wala saa. Tungoje mwingine."

"Tungoje nini, Shakila? Moto? Sake ni pale tu. Tutamukuta."

Mwasiti alipandishwa. Jumaine alimtajia Mukabalisa namba ya simu, lakini simu ya yule mwanamke ilikuwa imezima, na lori lilikwishaanza kusogea. Mama yake alikaa akiwa ameelekea nyuma, akimtazama. Hakupunga mkono. Pengine hakumjua.

Jumaine na Shakila walitembea. Walipofika Sake jua lilikuwa limezama, na mji ule mdogo ulikuwa umejaa watu waliolala makanisani, shuleni na barabarani. Hapakuwa na Mukabalisa wala Mwasiti. Walimtafuta penye njia panda, penye maji, na msikitini. Kesho yake wakaendelea hadi Minova. Walisimama mbele ya wafanyakazi wanaowakutanisha waliopotezana, wakatoa maelezo: mwanamke mzee, mfupi, kitenge cha kijani, anaweza kuwaita Mohamed. Jina lake likasomwa redioni. Watoto wengi walirudishwa kwa wazazi wao mwezi ule. Habari za Mwasiti hazikupatikana.

Watu waliporudi Goma, gari lilikutwa palepale Mugunga bila spika na bila vioo. Ntirenganya alilivuta hadi Birere, akalirudishia rimu za kumi na tano.

"Sema kitu," Jumaine alimwambia.

"Niseme nini, ndugu yangu? Ni mimi nilizifunga."

Jumaine hakubeba harusi tena. Alikwenda Sake kila alipoweza, akarudi. Nyumbani Shakila alipika, akamwekea, akakaa upande wa pili wa meza. Lile neno alilolisema Mugunga, kwamba mama asiende peke yake, hakulirudia hata mara moja. Jumaine alilingojea kila siku. Angelisema, labda wangelia pamoja. Badala yake walizoea kuzungumza juu ya chumvi na mvua, na usiku kila mmoja alijua mwenzake hajalala.

Vita vikarudi. Waasi walichukua Rutshuru, na watu wa huko wakajenga vibanda vya plastiki Kanyaruchinya, juu ya lava. Jumaine alipata kazi ya kuendesha lori la maji lililowahudumia. Mwaka wa 2024, wakati mabomu yalipokuwa yakianguka Sake, mwanamke mwenye kidumu alisimama mbele yake, asiteke maji.

"Si weye ulikuwa na gari nyeusi pale Mugunga?"

Jumaine alizima injini. "Mukabalisa."

"Nilikutafuta, papa. Goma ni kubwa, na sikujua hata jina lako."

"Alikufa?"

"Hapana. Alikuwa muzima." Mwanamke alitua kidumu. "Pale Sake tuliteremka. Lori lilipotaka kuendelea na sisi, yeye akakataa kupanda tena. Alisema mwanangu anakuja. Nilikaa naye mpaka giza likaanza. Mama mumoja wa Karuba, muuza maharagwe, akasema huyu muzee hawezi kulala barabarani, atakwenda naye kwake mulimani, hali ikitulia atamurudisha. Nilimwachia. Nilikuwa na watoto wangu, papa."

Jumaine hakumlaumu. Aliketi juu ya ngazi ya lori, foleni ya vidumu ikimngoja. Karuba. Miaka yote ile alikuwa ameuliza Sake na Minova, mabondeni, milimani hakupanda. Na sasa Karuba ilikuwa mikononi mwa waasi, na njia ya Sake imefungwa kwa mizinga.

Jioni alimweleza Shakila. Alimkuta kwenye cherehani. Shakila alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunika uso kwa kitambaa alichokuwa akikishona. "Basi yuko," alisema. Jumaine alimshika bega. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kugusana.

Karibu mwaka mzima walingoja njia ifunguke. Haikufunguka mpaka Goma yenyewe ilipoanguka, Januari ya 2025, baada ya siku za risasi ambazo Jumaine na mkewe walizipitisha wamelala chini sakafuni. Maiti zilipokwisha kuzikwa na pikipiki kuanza kutembea, alipanda moja hadi Sake, akapanda nyingine hadi Karuba.

Mji ule wa mlimani ulikuwa na watu wachache. Nyumba ya muuza maharagwe haikuwa na paa. Mzee mmoja, Harelimana, aliyekuwa akipalilia karibu, aliegemea jembe lake.

"Namujua," alisema. "Yule muzee aliyekuwa anaitaita Mohamed. Alikaa hapa vizuri. Alichambua maharagwe, alipenda watoto. Mwenye nyumba alitaka kumurudisha Goma, lakini hakukuwa na namna ya kujua ni kwa nani. Muzee alisema tu kwamba mwanawe iko na gari."

"Wako wapi?"

"Vita ilipofika hapa tulitawanyika. Wao walishuka. Watu wa huku wote walikwenda kambi ya Mugunga."

"Lini?"

"Zamani kidogo. Kabla ya mabomu ya Sake."

Jumaine alirudi amekaa nyuma ya pikipiki. Mwaka mzima uliopita, alipokuwa akiingojea njia, mama yake alikuwa upande huu wa njia. Malori ya maji ya kazini kwake yalikwenda Mugunga pia. Dereva mwenzake ndiye aliyepangiwa huko.

Aliteremka Mugunga. Wenye mji wapya walikuwa wameamuru kambi zivunjwe. Palibaki mawe meusi, vipande vya plastiki, vigingi vya vyoo na mbao ambazo wanawake wawili walikuwa wakizikusanya wapate kuni.

"Watu waliokuwa hapa wamekwenda wapi?" aliwauliza.

"Wameambiwa warudi kwao."

"Mwanamke mzee, anaita Mohamed. Yuko na mama wa Karuba."

Walitazamana. Mmoja akatikisa kichwa. "Wazee walikuwa wengi, papa. Wengine walikufa wakati wa kipindupindu. Wengine walibebwa, hatujui wapi."

Alitembea kwenye mawe yale hadi jua likaanza kushuka, akiinama kuangalia kila kitambaa. Kisha akashika njia ya Majengo kwa miguu. Shakila alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama mikono, kana kwamba angeweza kuwa amembeba mtu.

"Hakuna mutu," Jumaine alisema.

Shakila alimpisha aingie, akafunga mlango.