Mteremko wa Nyangezi

Maombi alianza kufuatilia makaburi ya Misri majira ya baridi ya mwaka 2014, kwa sababu ya kazi ya shule ya bintiye. Mwalimu wa Rahab alikuwa amewaagiza wanafunzi watafute picha za makaburi ya kale. Mama na binti wakaketi mezani katika nyumba yao ya kupanga huko Crystal, mji wa ughaibuni walikohamia, theluji imeziba nusu ya dirisha, wakapekua picha ambazo watalii huweka mtandaoni wakitoka Luxor. Rahab akachagua zake, akamaliza kazi, akasahau. Mama yake akaendelea.

Picha za dhahabu alizipita. Alisimama kwenye zile zilizopigwa njiani, karibu na uzio wa waya: mteremko wa mawe, wanaume wamebeba vikapu vya kifusi, wengine wamepiga magoti na brashi mkononi. Ulikuwa uchimbaji uliofunguliwa kila majira ya baridi, na wageni waliokuwa wakielekea kwenye makaburi makubwa walisimama hapo wakapiga picha moja au mbili. Hakuna aliyeandika ni shimo lipi. Maombi akajifunza kulitambua mwenyewe. Nyuma ya mteremko palikuwa na ukingo wa mlima wenye pengo kama la jino lililong'oka. Pengo likikaa juu ya kibanda cha mlinzi, basi shimo lake liko kushoto. Hivyo, kupitia simu za watu asiowajua, aliona ngazi zikitokeza kwenye mchanga, kisha mlango, kisha giza nyuma ya mlango.

Alitazama wakati wa chakula cha mchana kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi. Peris, nesi Mkenya aliyeishi Woodbury, mji wa jirani, alizoea kumtania.

"Aki Maombi, wewe na maiti! Hizi vitu utakuja kuziota."

"Siangalii maiti, dada. Naangalia vile wanachimba. Ona huyu, anapangusa polepole kama anaosha mtoto."

Katika msimu wa tatu mgeni mmoja aliweka picha ya kikapu kidogo cha matete, kimefungwa kwa kamba, kimelazwa juu ya kitambaa cheupe. Chini yake aliandika kwamba ndani mlikuwa na mtoto. Mfanyakazi mmoja alikuwa bado ameweka mikono yake miwili chini ya kikapu, hajakiachia. Maombi alifunga simu, akaingia chumba cha mashuka, akasimama humo mpaka Peris alipomfuata.

"Nilikuwa na mtoto mbele ya Rahab kuzaliwa," Maombi alimwambia. "Anaitwa Pacifique."

Alikuwa hajaanza vizuri kukimbia. Alikufa kwa homa karibu na Nyangezi, familia ikikimbia vita kuelekea Uvira. Maombi mwenyewe alikuwa amelala na homa hiyo hiyo. Mumewe Bagalwa na shemeji yake Rigobert walimzika kwenye mteremko juu ya barabara, na asubuhi wakampeleka mama akaone mahali. Aliketi pale akitazama mbele, maana chini hakuweza kutazama. Aliukumbuka mlima wa ng'ambo, wenye nundu mbili, na mikalitusi upande wa kushoto. Kisha wakamwinua, wakaendelea na safari. Rahab alizaliwa kambini Tanzania, na tangu hapo watu wakamwita Mama Rahab.

Siku hiyo Bagalwa aliporudi kutoka uwanja wa ndege, alikokuwa akisafisha ndani ya ndege, alimkuta mkewe anamngoja.

"Baba Rahab, nataka Rigobert aende Nyangezi. Apige picha ya kaburi tu."

Bagalwa aliinama, akafungua kamba za viatu taratibu. "Njia si nzuri."

"Rigobert yuko kule, anaendesha lori njia hiyo hiyo."

"Basi nitamwambia."

Picha ilifika baada ya majuma kadhaa: kaburi dogo lililofyekewa majani, msalaba wa mti uliopakwa rangi nyeupe, maua. Maombi alilia kwa furaha. Aliisafisha picha dukani, akaitia kwenye fremu. Akina mama wa kanisa walikuja na chakula, mchungaji akaomba mbele ya fremu ile, na Bagalwa alisimama karibu na mlango muda wote wa maombi. Kwa kipindi fulani Maombi alipata usingizi mzuri.

Kisha Jumamosi moja, akipangusa vumbi kwenye fremu, akaitazama picha jinsi alivyozoea kuzitazama zile za Luxor. Alianza na mlima. Ulikuwa na nundu moja. Upande wa kulia, nyuma ya migomba, kitu kilimeremeta, na alipokileta karibu na macho akaona ni maji ya ziwa. Mahali alipoketi asubuhi ile hapakuonekana ziwa lolote.

Alimpigia Rigobert papo hapo.

"Shemeji, hili kaburi ni la nani?"

"La mtoto, shemeji."

"Mtoto gani?"

Kwa upande wa pili zilisikika honi za malori. Rigobert akasema, "Muulize mume wako. Mie nilitumwa tu."

Alipoulizwa, Bagalwa hakubisha. Aliketi na koti lake zito mwilini, theluji ikiyeyuka mabegani. "Mteremko umechimbwa, Mama Rahab. Watu wa matofali. Udongo wa pale ni mzuri, wamechukua upande wote. Rigobert aliniambia tukiwa bado kambini."

"Miaka yote hii unajua?"

"Ulikuwa na mimba, hukuwa unakula. Ningekuambia nini? Baadaye nikaona umenyamaza, nikanyamaza pia. Halafu ukaleta habari ya picha, nikamwambia Rigobert apige kaburi lingine."

Rahab, ambaye sasa alikuwa msichana mrefu kuliko mama yake, alikuwa amesimama kwenye korido. Aliuliza kwa Kiingereza mtoto wa kwenye fremu ni nani basi.

"Sijui," Maombi alijibu. "Ana mama yake."

Hakuitoa fremu ukutani. Watu walikuwa wamekwisha kumwombea mtoto yule.

Kwa siku nyingi aliongea na mumewe mambo ya gari na ya shule tu. Kisha akamtumia Rigobert ujumbe: nenda Nyangezi, simama barabarani, piga picha ya kilichopo. Safari hii Rigobert alikwenda. Ilikuwa picha ya shimo jekundu, pana kama uwanja wa mpira, na tanuri la matofali likitoa moshi. Ng'ambo ulikuwepo mlima wa nundu mbili. Mikalitusi ilikuwa imekatwa, ikabaki visiki.

Maombi alimwita Bagalwa. Alifuata kwa kidole mstari kutoka nundu ya pili hadi kwenye visiki, akashuka kidogo, akasimamisha kidole katikati ya picha, juu ya shimo.

"Hapa."

"Hapo hakuna kitu. Ni hewa."

"Najua. Lakini ni hapa?"

Bagalwa aliinamia picha. "Ni hapo," alisema.

Maombi alipomuuliza Rigobert matofali yalipelekwa wapi, Rigobert alimjibu kwamba yaliuzwa mjini Bukavu, watu wamejengea nyumba. Peris aliposikia hivyo alisema labda nyumba ni kitu kizuri, watoto wanalala ndani. Maombi alimshukuru, lakini neno lile halikumtuliza. Alijikuta akitazama kuta za matofali za Crystal, hata zile za benki na za maduka, mpaka akalazimika kuinamisha macho kwenye basi.

Msimu mpya wa Luxor ulipofunguliwa, hakuufuatilia. Rahab alimwonyesha picha moja, mama akaisukuma simu pembeni kwa upole.

Siku ya mapumziko, wakiwa wawili tu jikoni, Bagalwa alianza kusema bila kuulizwa. Alisema walichimba kwa jembe la kuazima, na kwamba alimfunga mtoto kwa shati lake mwenyewe kwa sababu kitenge kimoja kilichobaki kilikuwa kimemfunika Maombi mgonjwa. Maombi hakuwa anajua habari ya shati. Bado alikuwa na hasira naye, na hasira ile ilikaa muda mrefu baadaye. Lakini alivuta kiti, akaketi.

"Endelea," alimwambia. "Sema yote."