Gari Tulilolisukuma Kutafuta Chaneli

Enzi zetu, na watu wa umri wangu mliokulia Gisenyi, pale mpakani mwa Rwanda na Kongo, mtanielewa, kubadilisha chaneli ya televisheni kulihitaji mabega, viatu visivyoteleza na mtu mmoja wa kupiga kelele. Mimi ndiye niliyekuwa wa kupiga kelele. Vijana wa siku hizi, ambao video ikisitasita kidogo tu kwenye simu wanashika kichwa utadhani wamefiwa, nawaomba wasome polepole, maana hawataamini.

Televisheni yetu haikukaa ndani ya nyumba. Ilikaa ndani ya gari, na gari lilikaa uani kwetu, mtaa wa Nengo. Lilikuwa lile gari la Wazungu la kulala safarini, lenye vitanda, sinki ndogo, jiko la gesi na mapazia ya maua. Wenyewe wanaliita camping-car. Sisi tuliliita Kampinga. Papa alikuwa anashughulikia karatasi za mizigo pale Grande Barrière, kivuko kikubwa cha mpakani cha kwendea Goma, ndipo alipokutana na mume na mke waliokuwa wanazunguka Afrika na Kampinga yao. Klachi iliwaungulia kwenye mlima, wakamuomba awatunzie gari wakati wanaenda kwao kutafuta kipuri. Wakapanda ndege. Nadhani mpaka leo wanakitafuta.

Mtauliza, kwa nini msingeichukua hiyo televisheni mkaiweka sebuleni kama watu? Swali zuri, na Mama alikuwa analiuliza kila wiki. Televisheni ilifungwa kwa skrubu kwenye kabati la juu ya sinki, ilitumia umeme wa betri ya gari tu, na antena yake ilifungwa kwa bolti juu ya paa. Papa hakukubali kulegeza hata skrubu moja. "Hii ni kitu ya batu," alikuwa anasema. "Batarudia siku moja." Mama alimjibu, "Bon, na mapazia yao wakute yananuka?" Kisha huyo anakwenda kuyafua, na kuyapiga pasi, kwa ajili ya watu wasiorudi.

Sasa, antena ikiwa haizunguki, inabidi kizunguke kilicho chini yake. Picha za Rwanda zilitoka upande wa milimani, za Kongo zilitoka upande wa Goma. Ukitaka kutoka nchi moja kwenda nyingine unalisukuma gari zima, mbele kidogo, nyuma kidogo, Papa akiwa kwenye usukani na watoto wa mtaa wakihema nyuma yake. Jumapili baada ya misa uani kwetu kulijaa. Kulinukia petroli, na sambaza za Mama, vile vidagaa vya ziwani, zikikaangwa, na magodoro ya Kampinga yaliyokuwa na unyevu wa miaka. Mimi nilisimama mlangoni mwa gari, jicho kwenye kioo cha televisheni, nikipaza sauti: "Bado! Bado! Nyuma kidogo! Hapo hapo!" Niliamini kabisa nimepewa kazi hiyo kwa sababu nina akili kuliko wenzangu. Nimekuja kuambiwa ukubwani kwamba nilikuwa mwembamba mno, wakaogopa nikisukuma nitavunjika.

Tatizo letu lilikuwa mistari. Picha ikishakuja, inakuja na mistari myeupe inayokimbia toka upande huu hadi huu, na sauti inatoka na mngurumo, trrrrr, hata msomaji wa habari anaongea kama anayesaga mahindi. Papa alisema ni upepo wa ziwa. Jirani mmoja alisema ni fitina za upande wa pili wa mpaka. Mimi, profesa wa Nengo, nilikuwa na jibu la kisayansi: gesi. Si mwalimu alitufundisha kwamba chini ya ziwa Kivu kuna gesi? Basi gesi ikitikiswa inapanda, ikipanda inakwaruza picha. Nilieleza hayo shuleni kwa mkono kiunoni. Nilikwenda hadi ufukweni nikawakataza watoto kurusha mawe majini. "Kila jiwe munatupa, ni mustari moja kwa televisheni ya kwetu!" Na kuna waliotii, masikini, tena kuna mmoja sasa ni daktari.

Hakuna aliyewaza injini. Betri ilikuwa imezeeka, kwa hiyo Papa aliwasha injini kila tulipotaka kutazama, kwa kuizungusha na kile chuma cha mbele kinachoitwa manivela, na iliunguruma tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho. Hatukuwahi kuona televisheni bila injini, tungejuaje? Mpaka siku petroli ilipokwisha katikati ya kipindi. Injini ikakohoa, ikanyamaza, na jamani! Picha ikawa safi kama maji ya kunywa. Tuliona hadi vifungo vya shati la mtu. Tukashangilia, na hatujamaliza kushangilia betri ikafa, hadi ilipopelekwa kuchajiwa mjini. Kumbe ni cheche za injini yetu wenyewe zilizokuwa zinavuruga kila kitu. Gesi ya ziwa haikuwa na habari na sisi. Nilinuna siku nzima.

Basi tukajua tunachagua kati ya mambo mawili: injini iwake tuone mistari, au izimwe tuone picha safi kwa muda mfupi tu. Kwa mpira na habari hilo halikutusumbua. Lilikuja kutusumbua kwa sababu ya shangazi Verediana.

Verediana alikuwa dada ya Papa, kitindamimba wa nyogokuru, yaani bibi yetu, aliyekuwa anaishi nasi. Familia iliporudi Rwanda yeye alibaki Kongo, ameolewa Kinshasa, na Kinshasa si Goma useme utavuka mpaka asubuhi na kurudi jioni. Nyogokuru alikuwa hajamuona tangu sijazaliwa. Wala picha hakuwa nayo, zilipotea njiani wakati wa kuhama. Na macho yake yalikuwa yanafunga pazia taratibu. Alikuwa ameanza kututambua kwa kutupapasa kichwani. Ndipo mama mmoja mfanyabiashara akaleta ujumbe kutoka kwa shangazi: Jumapili ijayo korali yao itaimba kwenye televisheni, tumwambie mama yake atazame. Nyogokuru akasema, "Donc nitamuona mbele macho yangu haiyaisha," yaani kabla hayajazimika kabisa. Papa akatoka nje. Alikuwa analia, na alikuwa hataki tumuone.

Jumapili ile hatukula vizuri. Kampinga ilielekezwa Goma mapema, tukaisukuma bila utani. Papa aliwasha injini ili betri ishibe. Nyogokuru aliketishwa kwenye kitanda cha Wazungu, amevaa kitenge chake cha sikukuu, karibu na kioo hadi pua inagusa. Mimi nilipewa kazi kubwa kuliko zote za maisha yangu: korali ikitokea, nipige kelele Papa azime.

Ikatokea. "Zima! Papa, zima!" Injini ikanyamaza, mistari ikafutika, na hao hapo, watu wamejipanga safu kwa safu, wamevaa sare, wanafungua vinywa. Sasa yupi ni shangazi? Hakuna hata mmoja wetu sisi watoto aliyewahi kumuona. "Ni ule wa kilemba!" "Hapana, ule munene!" Ndani ya Kampinga kulikuwa na kelele kama sokoni. Nikageuka nimwonyeshe nyogokuru, nikakuta amefumba macho. Nilichukia! Petroli yote hii, jasho lote hili, halafu mtu anasinzia! Nikamtikisa bega. "Nyogokuru, fungua macho, picha inaisha!" Akasema kitu, sikumsikia, nilikuwa napiga kelele.

Na kweli ilikuwa inaisha. Picha ilianza kujikunja toka pembeni, weusi unaila, watu wa korali wanabanana katikati. "Washa! Washa!" Papa aliikamata manivela akazungusha, akazungusha, kofia ikamdondoka, injini haikuitika hata kidogo, maana betri iliyokufa haiwezi kutoa hata cheche ya kuiwashia. Picha ikawa kidole, ikawa punje, ikapotea. Nilikaa chini mlangoni nikaanza kulia kwa sauti. Papa akaja, akasimama mbele ya mama yake na chuma mkononi, uso umelowa.

Nyogokuru akafumbua macho. "Ulia polepole," akaniambia. Halafu akamgeukia Papa. "Nimeshamusikia. Njo yeye, mutoto wangu. Angali anaanzaka wimbo mbele ya benzake, vile vile na kanisani ya zamani, nikimufinya hasikie." Akacheka, machozi yanamshuka. "Kuona, mi sikuona kitu. Ile kioo mi siionake tangu siku mingi, nilikuwa nakuya tu juu ya vile munaniita. Ile moteri yenu njo ilikuwa inaniziba masikio kila yenga, kila siku ya Mungu. Leo mumeizima, na bado munapiga makelele. Nilisema munyamaze, nani alisikia?"

Hakuna aliyekuwa amesikia. Tulikuwa tunahangaikia picha.

Wazungu hawakurudi, na Kampinga ilioza polepole mpaka Papa mwenyewe akakubali iuzwe kama chuma chakavu. Leo shangazi Verediana anatupigia simu ya video kutoka Kinshasa, uso wake unaonekana hadi kidoti cha shavuni, na wanangu wanasema "Jambo!" halafu wanarudi kwenye michezo yao na vitu vyao vya masikioni. Picha tunazo hata simu hazina nafasi tena. Nyogokuru alifariki kabla ya hayo yote. Picha zake tulibahatika kupata mbili, zimetundikwa sebuleni. Lakini sauti yake hakuna mtu aliyeinasa, hata ya neno moja. Wanangu wakiniuliza alikuwa anaongea vipi, nakaa sawa, nakunja shingo, namuigiza: "Nilisema munyamaze, nani alisikia?" Wanacheka sana. Mimi nasikiliza, na kila nikijaribu inatoka sauti yangu.