Meno ya Kisima

Nilizaliwa katika ploti ya vyumba kumi na viwili vya kupanga pembeni mwa mji wa Nakuru, nikalelewa kwa maji ya kisima chake. Ndiyo maana meno yangu ni ya kahawia. Si uchafu, nimeyasugua hadi fizi zikatoka damu. Ni madini ya yale maji, yanayoliharibu jino kabla halijaota. Sisi tuliokulia pale tukicheka, mkono huja mdomoni wenyewe. Hata kwenye kitambulisho nimefunga mdomo.

Nilipopata binti, bado nikiishi pale, niliapa mkono wake hautajifunza kazi hiyo. Nesi wa kliniki aliniambia meno yake ya ukubwani yalikuwa tayari yanaundwa ndani ya ufizi, naye alikuwa na mwaka mmoja tu. Nikawa namkingia maji ya mvua. Kiangazi kilipoyamaliza, nikapeleka malalamiko ofisi ya afya.

Mwenye ploti alijua siku ya ukaguzi kabla yetu. Asubuhi hiyo takataka za nyuma ya choo hazikuwepo, choo kilikuwa kimepakwa chokaa, na lori lilikuwa likimimina maji ya mjini kwenye tangi letu. Wapangaji walichota kwa furaha. Mimi sikuchota.

Afisa wa afya, mama wa makamo, alipofika na chupa yake ya sampuli, mwenye ploti alimpeleka moja kwa moja kwenye mfereji wa tangi. Akamwambia haya ndiyo maji ya kila siku. Nikajipenyeza katikati yao.

"Madam, hii maji imekuja na lori leo asubuhi," nikasema. "Yenye sisi hukunywa ndiyo hii."

Nikafungua mdomo wote.

Mwenye ploti akasema mimi ni mtu wa fujo, na meno kama yangu ni mambo ya ukoo. Jirani wa chumba cha nne, ambaye babu yake alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli na hana undugu nami hata chembe, akaweka beseni chini akafungua mdomo. Kahawia. Muuza mboga aliyekulia chumba cha mwisho akafanya vivyo hivyo. Kahawia.

Afisa akamwaga maji ya mferejini aliyokuwa amekinga chupani, akaomba aonyeshwe pampu ya kisima. Akaambiwa ufunguo umepotea. Akageuza mtungi wa plastiki, akaukalia, akasema atangoja. Haukupita muda, ufunguo ukapatikana mfukoni mwa mwenye ploti.

Jioni mwenye ploti alikuja mlangoni kwangu kuniambia nitafute nyumba kwingine. Binti yangu alikuwa mgongoni. Nikamjibu kwamba sihami kabla ya majibu ya maji kutoka, kisha nikacheka. Alinitazama akingoja mkono wangu uinuke. Haukuinuka.

"Haya meno zoea kuyaona," nikamwambia. "Ya huyu mtoto hutayapata."