Namba Iliyogoma Siku ya Sabato

Nikisikia harufu ya magugu yaliyong'olewa shambani na kuachwa juani, wenzangu, kuna namba hunirudia kichwani: laki moja, arobaini na mbili elfu, mia nane hamsini na saba. Msinicheke, kwanza nisikilizeni.

Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea kwisha, kwetu karibu na Ekerenyo. Baba alikuwa amelazwa hospitalini Kisii, na shamba letu la wimbi lilikuwa limemezwa na magugu. Palizi ya wimbi si kazi ya mtu mmoja. Unainama mpaka kiuno kinasahau kunyooka. Mama akaomba kuingia egesangio, kikundi cha wanawake waliopaliliana mashamba kwa zamu. Walikuwa sita, kila mmoja na siku yake, Jumapili hadi Ijumaa. Jumamosi ni Sabato, jembe haliguswi.

"Mama Kemunto, siku yako tutaitoa wapi?" walimwuliza. Wakasema watafikiria. Bila wao tusingevuna kitu mwaka ule, na hilo hata mimi nililijua.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa darasa la tano aliandika 142857 ubaoni, akatuambia tuizidishe kwa mbili, kwa tatu, mpaka sita. Mara mbili nikapata 285714. Mara tatu, 428571. Nikafuta, nikidhani nimekosea kunakili, maana tarakimu zilikuwa zilezile, zikipeana tu zamu ya kutangulia. Nikafanya upya. Zilezile!

"Haya, sasa mara saba," mwalimu akasema.

Ikatoka 999999. Jamani! Ile moja iko wapi? Nne imekwenda wapi? Mwalimu akacheka, kengele ikalia, akaondoka zake.

Nilirudi nyumbani kichwa kikinizunguka. Niliona wazi kabisa: sita zinazunguka vizuri, lakini ya saba ni Sabato, hata namba zimegoma kufanya kazi. Basi mama, akiwa wa saba, hatakubaliwa. Nikamweleza huku nikilia. Akaniuliza kama nimekula.

Jumapili alfajiri nilisikia sauti za wanawake uani. Walikuwa wote sita, na majembe yao.

"Zamu itasogea tu," alisema mkubwa wao, omong'ina, yaani bibi mzee, mwenye ulimi mkali. "Aliyekuwa Jumapili atakuwa Jumatatu, wa Ijumaa atangoja Jumapili ijayo. Kuna nini cha kuumiza kichwa hapo?"

Mimi kichwa kiliniuma vilevile. Watu saba wataeneaje siku sita? Niling'oa magugu kutwa nzima bila kuelewa.

Miaka ya sabini ilinikuta chuo cha ualimu, na siku moja nikagawanya moja kwa saba, nikaendelea baada ya nukta: 142857, tena 142857, tena na tena, haikomi. Nikaweka kalamu chini. Kumbe namba ile, na mzunguko wake wote, ilitoka kwa saba! Nami nilikuwa nimeogopa kwamba mama yangu, wa saba, ndiye angeuvunja mzunguko. Nikalia palepale darasani, na wenzangu wakadhani hesabu imenishinda.